Nyigu wamelizoea pipa la mboji: nawaondoaje bila kuiharibu mboji yenyewe?

BustaniYaNyuma
Wakuu, naomba msaada. Pipa ni la plastiki, lita 300 hivi, halina kitako, limekaa moja kwa moja juu ya udongo. Juu lina kifuniko cha kubonyeza, chini lina mlango mdogo wa kutolea mboji, na ubavuni kuna matundu ya hewa ambayo kidole kinapita. Ndani kuna maganda ya matunda, mabaki ya mboga, masalia ya kahawa na chai, na majani makavu kidogo tu. Wiki ya pili sasa nyigu wa njano na weusi wanazagaa hapo, kumi mpaka ishirini kwa wakati mmoja, na wanazidi kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Kifuniko kikifunguliwa wanainuka hadi usoni. Kiota sijakiona, ila ndani sijachimbua. Mboji hii inakwenda kwenye mboga, kwa hiyo sumu sitaki. Kuna ushauri nimepewa wa kumwaga petroli usiku. Ni sawa? Kama si sawa, nianzie wapi?

MbojiMoto
Petroli hapana kabisa. Inaua minyoo na vijidudu vinavyoozesha, inazama kwenye udongo na kukaa humo, na mvuke wake ndani ya pipa lililofungwa unasubiri cheche tu. Halafu hata kazi yenyewe haifanyi vizuri: kiota kikiwa kimejificha pembeni, nusu ya nyigu wanabaki hai na hasira juu.

Kabla ya kuuliza utawaondoaje, jua kwanza kama wanakuja kula au wanaishi humo. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na wengi wanaoishia kuumwa ni wale waliotibu moja wakidhani ni jingine.

Namna ya kujua: asubuhi jua likishapanda, simama mita 4 au 5 kutoka kwenye pipa, upande, si mbele ya matundu. Tazama kwa dakika 15 bila kugusa kitu.

Wanaokuja kula hawana haraka. Wanazunguka, wanatua kwenye kifuniko, wanachungulia tundu hili na lile, wanatembea juu ya maganda. Giza likiingia habaki hata mmoja.

Wenye kiota wana njia. Wote wanatumia tundu moja, wanaingia moja kwa moja bila kusitasita, na wanaotoka wanaondoka kwa kasi kama waliotumwa. Hesabu wanaoingia tundu hilo kwa dakika moja, rudia mara tatu. Ukipata watano au zaidi kila mara, chukulia kuna kiota mpaka uthibitishe vinginevyo.

Usisahau kuangalia chini, pale pipa linapokutana na udongo. Aina kadhaa za nyigu hujenga ardhini, mara nyingi kwenye shimo la zamani la panya, na kwa haraka utadhani wanatoka ndani ya pipa kumbe wanatokea chini yake.

MachoManne
Naongeza jambo moja ambalo watu hulisahau: hakikisha ni nyigu. Maelezo ya rangi ya njano na nyeusi yanaelekea huko, lakini kwa wengine mtakaosoma hapa, mgeni nambari moja wa mboji anayesingiziwa kuwa nyigu ni nzi askari mweusi. Ana urefu wa milimita 15 hadi 20, mweusi, mwembamba, na tumbo lake karibu na kiuno lina sehemu mbili angavu kama vidirisha, ndiyo maana anaonekana ana kiuno chembamba cha nyigu. Hana mwiba wala hang'ati. Mhesabu mabawa akitulia: nzi ana mawili, nyigu ana manne, ingawa nyigu wengi hukunja ya mbele kwa urefu na ni shida kuyahesabu kwa mbali. Mabuu yake ni bapa, ya kijivu au kahawia, na yanakula mabaki ya jikoni kwa kasi ya ajabu. Huyo mwache afanye kazi.

Kuna pia nyigu wakubwa weusi wenye manyoya, wakati mwingine na alama za njano au rangi ya kutu, wanaoruka chini chini juu ya lundo. Wanatafuta mabuu ya mbawakawa walio ndani ya mboji ili watage mayai juu yao. Kila mmoja anaishi peke yake, hana kundi wala kiota cha kulinda, na haumi mpaka umshike. Hali kadhalika wale wanaojenga vijumba vya tope ukutani.

Wa kuangalia kwa makini ni wale wanaoishi kwa kundi. Hao ndio wanaotetea kiota.

BustaniYaNyuma
Asanteni. Nimetazama asubuhi na jioni. Wanaingia matundu yote, hakuna njia moja, na saa moja jioni walikuwa wametoweka. Mabawa manne, kiuno chembamba, ni nyigu. Pembezoni mwa pipa udongo hauna shimo. Lakini chini ya ukingo wa kifuniko, upande wa nyuma, nimeona kitu cha kijivu kama kikombe kidogo kilichoning'inia kwa kikonyo kimoja. Vyumba vyake vinaonekana wazi, kama ishirini hivi, na nyigu wanne wamekaa juu yake. Ndio hao hao?

MbojiMoto
Basi una mambo mawili kwa mpigo, na yote ni mepesi. Kikombe chenye vyumba vilivyo wazi na kikonyo kimoja ni kiota cha wale nyigu wembamba wanaoning'iniza miguu wanaporuka. Kinaanza na malkia mmoja au wachache na bado ni kichanga. Nyigu wanne hawawezi kuwa ndio ishirini wa mchana. Wengi wao wanatoka mbali kufuata chakula.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo penye kazi.

Nyigu aliyekomaa hawezi kumeza kitu kigumu kupitia kiuno chake, kwa hiyo anaishi kwa vimiminika: maji ya matunda, utomvu, nekta. Nyama na wadudu anawatafuna ili awalishe mabuu kiotani, na mabuu nao humrudishia matone matamu. Mabuu wakipungua kundi linapofikia ukingoni, yale matone hukatika, na vibarua wote, yaani nyigu wafanyakazi, wanatoka kutafuta sukari kwingine. Kwenye nchi zenye majira ya baridi hilo hutokea mwishoni mwa kiangazi. Kwenye joto la mwaka mzima linaweza kutokea wakati wowote. Pipa lenye maganda ya matunda yaliyoanza kuchacha ni karamu. Na kama lina funza wa nzi juu juu, hata wanaotafuta nyama wanakuja.

Kwa hiyo wanachofuata ni harufu na kitu kilicho wazi. Vizuie hivyo viwili.

Fanya kazi alfajiri au jioni wakati hawapo. Vaa glovu, suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, mikono mirefu, na miwani. Kwa uma wa bustani fungua shimo katikati ya pipa, kina cha sentimita 25 hadi 30. Vuta maganda yote ya juu uyatumbukize humo, kisha yafukie kwa yale yaliyotoka chini. Juu yake tandaza makavu unene wa sentimita 10: majani makavu yaliyopondwa, maboksi yaliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja, nyasi kavu. Malizia kwa sentimita 2 au 3 za mboji iliyoiva au udongo wa kawaida. Watu huipuuza hatua ya mwisho, ilhali ndiyo inayonyonya harufu kuliko zote.

Kuanzia hapo, kila ndoo moja ya mabichi ifuatwe na ndoo mbili za majani makavu, kwa ujazo. Vumbi la mbao ni zito kwa kaboni, hivyo nusu ndoo inatosha, tena lichanganye; likiwekwa tabaka nene linashikana kama keki na hewa haipiti. Liwe la mbao zisizopakwa dawa wala rangi. Lengo ni kaboni 25 hadi 30 kwa kila naitrojeni 1 kwa uzito, ila hakuna anayepima nyumbani. Kipimo ni pua na kiganja. Kamua konzi ya mboji: itoe tone moja au mawili. Ikichuruzika, maji yamezidi, hewa imekosekana, na ile harufu ya kileo inayoita nyigu inatengenezwa hapo.

Kahawa na chai hazina kosa hapa, endelea nazo. Kosa ni "majani makavu kidogo tu".

FundiWaWavu
Matundu yanayopitisha kidole ni makubwa kwa vyovyote. Yafunike kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3, uliopakwa zinki au usioshika kutu. Huo unapitisha hewa na kumzuia nyigu. Wavu wa mbu wa plastiki unafaa kwa wiki chache, baadaye unaziba kwa uchafu na panya wanautoboa.

Ukate ukubwa unaozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, uweke kwa ndani, toboa pipa vijitundu kwenye pembe nne kwa msumari uliopashwa moto au drili ya milimita 2, ufunge kwa waya mwembamba. Gundi usiitegemee, ndani kuna mvuke na joto, itabanduka. Mlango wa chini ukilegea ubane kwa waya au jiwe.

Msizibe matundu kwa utepe au sponji! Nyigu wataondoka, kweli, na mboji itaanza kunuka kama maji ya chooni.

Na mpangilio una maana: wavu unakuja baada ya kuhakikisha hakuna kiota ndani. Ukiwafungia, watatafuta upenyo mwingine, na huo upenyo waweza kuwa kifuniko mkononi mwako.

Siku utakayolihamisha pipa, tandika chini wavu wenye matundu ya milimita 6. Minyoo inapita, panya hapiti. Bila mashimo ya panya, nyigu wa ardhini wanapoteza nyumba iliyo tayari.

Chupa_na_Siki
Mbona mnazunguka sana? Kata chupa ya lita 1.5 theluthi ya juu, igeuze kichwa chini ndani ya iliyobaki, weka maji ya sukari, siki kijiko kimoja na tone la sabuni. Ning'iniza kwenye pipa. Kesho yake imejaa.

MachoManne
Itajaa, ndiyo, na watakuja wengine. Chambo kinachonukia mita chache kutoka kwenye pipa kinawaita hata waliokuwa hawana habari na bustani yako. Mtego huua wachache kati ya vibarua wanaozaliwa kila siku na kiota hakiguswi.

Una matumizi yake lakini. Ukishafukia mabaki na kuosha pipa, nyigu waliokwisha kukariri mahali watarudi kwa siku kadhaa. Hapo mtego unasaidia kuwavuta pembeni, ukiwekwa mita 6 au zaidi kutoka kwenye pipa na mbali na njia ya watu na mahali pa kukaa. Siki ibaki kwenye mchanganyiko, maana inawakatisha tamaa nyuki wa asali. Uoshe na kubadilisha chambo kila baada ya siku mbili au tatu, na uutoe kabisa mara idadi ikipungua.

Mifuko ya karatasi inayoning'inizwa ili ionekane kama kiota cha adui, binafsi siipi uzito. Nyigu hujenga karibu na mifuko hiyo bila wasiwasi.

BustaniYaNyuma
Nimeelewa kuhusu chakula na wavu. Hicho kikombe chini ya kifuniko je? Nikikiacha?

MbojiMoto
Kingekuwa kwenye mti ningesema kiache, wanawinda viwavi wa mboga zako. Kwenye kifuniko unachokifungua kila siku, hapana. Kila ukibonyeza unawatikisa, na mtikisiko ndio unaowachokoza kuliko kitu kingine.

Changanya lita 1 ya maji na mililita 30 za sabuni ya maji ya vyombo, yaani vijiko viwili vikubwa, kwenye chupa ya kupulizia inayoweza kurusha mkondo, si ukungu. Sabuni inavunja mvutano wa maji, hivyo yanaingia kwenye vitundu vyao vya kupumulia na kuwafanya wadondoke. Nenda alfajiri kungali na ubaridi, wote wakiwa wamekaa kwenye sega. Tumia tochi iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu, kwa sababu nyekundu hawaioni vizuri. Mwanga mweupe wataurukia. Simama upande, usiwe chini ya kiota, na jua kabla utarudi nyuma kupitia wapi. Lowesha nyigu kwanza, kisha sega, mfululizo kwa sekunde 10 bila kuacha. Rudi nyuma. Baada ya dakika 10, kama hakuna kinachotembea, kikwangue kwa fimbo ndefu, kitumbukize kwenye ndoo ya maji hayo hayo, na usugue sehemu kilipobandikwa. Ukiacha alama ya kikonyo, mara nyingi mwingine anaanza papo hapo.

Sabuni kiasi hicho haidhuru mboji. Njia hii ni ya kiota kidogo kilicho wazi tu. Usiijaribu kwa kiota kilichofunikwa na ganda la karatasi kama mpira. Ganda linazuia maji na walio ndani ni mamia, au maelfu.

TaratibuTu
Nijibu hilo la kiota kikubwa, maana atakuja mtu kesho akiwa nacho katikati ya lundo.

Lundo lililotelekezwa, kavu, lenye joto na nafasi tupu ndani ni mahali pazuri sana pa kujenga. Ukikigundua kiota humo, weka uma chini. Ukimponda nyigu mmoja karibu na kiota anatoa kemikali ya kuwaita wenzake, na pumzi unayowapulizia inawachokoza zaidi. Maji ya kumiminia hayafiki kote.

Kama lundo liko pembeni na hakuna mtu mwenye mzio, liache. Anza lundo jingine mbali, weka kizuizi cha mita 3 hadi 5, na usipitishe mashine ya kukata nyasi hapo. Kwenye maeneo yenye baridi kali kundi hufa lenyewe, malkia wapya wanaondoka, na kiota cha zamani kwa kawaida hakitumiki tena. Hiyo karatasi ni nyuzi za mbao na mate tu, igeuze pamoja na mboji.

Kama haliwezi kusubiri, mwite fundi wa kuua wadudu mwenye mavazi kamili. Wanaotumia dawa ya unga huiweka kwenye mlango wa kiota usiku, na tundu wanaliacha wazi ili nyigu wabebe unga hadi ndani. Ukiliziba siku hiyo umeharibu. Baada ya siku mbili au tatu mwendo ukikoma ndipo kinatolewa. Nyingi ya dawa hizo zina permethrini, ambayo gizani ndani ya lundo hukaa muda mrefu kuliko ikipigwa na jua, na ni hatari kwa samaki. Mboji iliyozunguka kiota, sentimita 30 kila upande, itoe na usiipeleke kwenye mboga wala karibu na bwawa. Kisomwe pia kibandiko cha dawa kinasema nini.

MachoManne
Na mkiumwa: nyigu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo hakuna cha kuchomoa, na anaweza kurudia. Ondoka mahali hapo kwanza, usipungepunge mikono. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa dakika 10 hadi 20, vua pete kabla kidole hakijavimba. Dawa ya mzio (antihistamini) inasaidia mwasho. Siki haina maana. Sumu imeshaingia chini ya ngozi, siki inabaki juu.

Uvimbe wa uso au ulimi, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima, kizunguzungu au kutapika ni dharura: sindano ya adrenalini kama mtu anayo, alale miguu ikiwa juu (anayeshindwa kupumua akae), na msaada uitwe papo hapo. Kuumwa mdomoni au kooni vilevile, hata kwa asiye na mzio.

BustaniYaNyuma
Kiota kimetoka, makavu nimetandaza, wavu nimeagiza. Maswali mawili madogo: nigeuze mboji kila baada ya muda gani ili wasijenge ndani, na je, joto la mboji si lingewafukuza lenyewe?

MbojiMoto
Kila wiki moja au mbili inatosha. Kiota kinachoanzishwa na malkia mmoja hakizidi ukubwa wa yai kwa majuma ya kwanza, na kugeuza kunakivunja kabla vibarua hawajatoka. Ukilala miezi miwili, usigeuze kabla ya kufanya lile jaribio la dakika 15.

Joto usilitegemee kwa pipa hilo. Lundo lenye nyuzi 55 hadi 65 linaua funza na hakuna anayejenga katikati yake, lakini kufika huko na kukaa huko kunataka kama mita 1 ya ujazo, na lita 300 hazifiki hata theluthi moja. Tena kingo zinabaki za vuguvugu, na huko kingoni ndiko wanakopenda.

Osha pia kwa maji ya sabuni ule mfereji wa kifuniko na midomo ya matundu, juisi iliyokauka hapo inanukia wiki nzima. Kama matunda ni mengi sana, yafungie kwanza kwenye ndoo ya bokashi, yaani ya kuchachushia mabaki, isiyopitisha hewa, wiki mbili, halafu ufukie. Ufukie, si kumwaga juu.

FundiWaWavu
Wavu ukifika, kagua milimita kwa rula kabla ya kukata. Wanaouza huchanganya wa 3 na wa 5, na kwenye wa 5 nyigu anapita.